Karatasi Iliyotoka Norwe

Lalamiko lilikuwa mistari miwili kwenye daftari la kituo, kwa mwandiko wa askari wa zamu: *Mama Annie, mkazi wa Bel-Air, anasema watu wawili watakuja kumuua kesho Jumapili saa nne asubuhi. Wamempa karatasi.*

Inspekta Germaine Mwaba alilisoma mara mbili akiwa bado amesimama. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alikuwa ameona watu wengi waliouawa, lakini hajawahi kukutana na muuaji anayetaja saa yake na kuiacha kwa maandishi.

"Guelor," alimwita msaidizi wake, "washa gari."

Jumapili saa mbili na robo asubuhi walikuwa mbele ya nyumba. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo upande wa ndani. Iliwachukua dakika tano za kubisha kabla jicho moja halijaonekana kwenye upenyo, na dakika nyingine mbili za kupitisha kitambulisho chini ya geti ndipo kufuli lilipofunguliwa. Mwanamke aliyesimama pale alikuwa wa miaka thelathini na kitu, amevaa viatu vya raba na koti, kama mtu aliye tayari kukimbia. Mkono wake wa kulia ulishika mchi.

"Njo weye uliandikisha kwa commissariat?" Germaine aliuliza.

"Njo miye. Ingia mbiyo, Mama Inspecteur. Usiache wazi."

Sebuleni kabati la vyombo lilikuwa limesukumwa hadi kwenye dirisha la mbele. Mama mtu mzima alikaa kwenye kochi, rozari mkononi, midomo ikichezacheza bila sauti. Annie alimtambulisha: Mama Ngosa, mama yake mzazi. Germaine alimsalimia kwa heshima, naye akajibu bila kuinua macho.

"Na nani mwingine yuko humu?"

"Mutoto wangu, Plamedie. Eko na miaka saba. Amelala kwa chumba ya mama."

"Mumuache alale," Mama Ngosa alisema haraka. "Usiku mutoto hakulala."

Germaine akavuta kiti. "Sasa unielezee toka mwanzo. Polepole."

Annie alieleza. Aliishi Norwe miaka sita kama mkimbizi, yeye na mume wake Paulin. Huko ndiko alikozaa. Ndoa ikavunjika, na hakimu wa huko akampa yeye mtoto. Miaka miwili iliyopita alirudi Lubumbashi na Plamedie kumhudumia mama yake aliyekuwa mgonjwa. Jana asubuhi wanaume wawili walishuka kwenye gari jeupe. Walivaa mashati meupe na tai. Wakampa bahasha, wakamtaka asaini.

"Nikasoma mustari wa kwanza tu. Nikabauliza, hii maana yake nini? Mumoja akacheka. Akasema: *Exécution, mama. Kesho saa ine utaona.*" Annie alitazama mlango. "Hakusema ingine. Alicheka tu, bakaenda."

"Karatasi iko wapi?"

Zilikuwa mbili, zimebanwa pamoja. Ya juu ilikuwa ya Kifaransa, yenye mhuri mwekundu wa mkalimani aliyeapishwa. Ya chini ilikuwa ya lugha ambayo Germaine hakuwahi kuiona, yenye nembo ya mahakama. Katikati yake palikuwa na neno moja refu, limezungushiwa kalamu ya bluu: *tvangsfullbyrdelse*.

"Nani amelizungushia?"

"Miye. Nililiandika kwa telefone, ikaniletea ileile: *exécution forcée*. Njo nikayua bale bantu habakudanganya: ni kuua."

Germaine alisoma Kifaransa mpaka mwisho. Kisha akaiweka karatasi gotini.

"Mama Plamedie, sikia. Mimi nafanya kazi na parquet, waendesha mashtaka, kila siku. Kwa lugha ya mahakama, *exécution* si kuua mtu. Ni kutekeleza hukumu. Hakimu akisema jambo, halafu mtu anakataa, basi dola inakuja kulifanya kwa nguvu. Njo *exécution forcée*."

Mabega ya Annie yalishuka kidogo. "Haiko kuua?"

"Si kuua."

"Sasa banakuya kutekeleza nini?"

Germaine hakutaka kulijibu swali hilo mapema hivyo, lakini jibu lilikuwa pale kwenye mstari wa pili wa Kifaransa. Alimwonyesha kwa kidole. *Mtoto atakabidhiwa kwa mwenye kubeba karatasi hii.*

Mchi ulianguka sakafuni. Annie hakuuokota. Kwenye kochi, rozari ya Mama Ngosa ilikuwa imesimama.

"Bora baniue," Annie alisema.

"Ngoja. Kuna vitu viwili hapa havinipendezi." Germaine alizitenganisha zile karatasi na kuziweka sambamba juu ya meza. "Cha kwanza ni siku. Leo Jumapili. Huissier wa kweli, ofisa wa mahakama, hatumwi kwa watu Jumapili, labda hakimu awe ametoa ruhusa ya pekee, na ruhusa hiyo ingekuwa imebanwa hapa. Haipo. Cha pili, tazama. Karatasi ya Norwe, huku chini pameandikwa *Slutning*. Hilo ni nini?"

"Mwisho. Pale hakimu anafunga."

"Chini yake kuna sentensi ngapi?"

Annie aliinama. "Moya."

"Na kwenye Kifaransa?"

"Mbili."

"Basi moja imezaliwa njiani. Sasa nisomee ile moja."

"Sikusoma, Mama Inspecteur. Niliona lile neno, macho ikafungika. Kinorwe yangu ni ya ku soko na ya kusafisha ku hospitali. Kinorwe ya mahakama siiyue."

"Soma tu. Unachojua na usichojua."

Annie alisoma kwa sauti, akijikwaa. "*Begjæringen om tvangsfullbyrdelse tas ikke til følge.*" Akarudi nyuma na kidole chake. "*Ikke*," alisema.

"Nini?"

"Hii kaneno kadogo. *Ikke* ni hapana. Kule batoto banaisema siku muzima. *Ikke, ikke.*"

Germaine alichukua Kifaransa na kukipitia tena, neno kwa neno, kalamu mkononi. Hapakuwa na hapana yoyote.

"Unamjua mtu anayejua lugha ile vizuri? Ya mahakama?"

Annie alisita. Kulikuwa na Christiane, alisema. Walisoma lugha pamoja darasa moja kule. Christiane alibaki na sasa alikuwa mkalimani mahakamani. Hakuwa amempigia kwa mwaka mzima kwa sababu ya aibu ya ndoa kuvunjika. Germaine alimwambia aibu itasubiri. Walipiga picha ya karatasi, wakaituma, na baada ya dakika nne simu iliita yenyewe.

"Annie? Nani amekuletea hii?" Sauti ya Christiane ilikuwa ya juu, yenye wasiwasi.

Germaine alijitambulisha, akaweka simu mezani ili wote wasikie. "Nieleze lile neno refu, Mama Christiane. Lote."

"*Tvang* ni kulazimisha, ni nguvu. *Fullbyrdelse* ni kutimiza kitu mpaka mwisho. Ukiunganisha, ni kuifanya hukumu kwa nguvu. Mahakamani nalikuta kila wiki. Mtu amekataa kutoka kwa nyumba, mtu amekataa kurudisha mtoto. Ni neno hilohilo."

"Na linafanywa na nani?"

"Na serikali tu. Kwanza mahakama iruhusu, halafu ofisa wake njo anaenda. Mzazi mwenyewe haruhusiwi. Ndugu yake haruhusiwi. Na hapa kwenu Kongo lingehitaji tena hakimu wa Kongo akubali. Lakini, Mama Inspecteur, hiyo yote haina kazi. Umesoma sentensi?"

"Nisomee wewe."

"*Ombi la kutekeleza kwa nguvu halikubaliwi.* Paulin aliomba, hakimu alikataa. Annie, unasikia? Ulishinda. Mtoto anabaki kwako. Hii ni barua ya kushinda."

Annie alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yalitikisika bila sauti kutoka. Germaine hakumtazama. Alikuwa akitazama tena mhuri mwekundu.

"Swali la mwisho. Mtu asiyejua Kinorwe angeweza kuitafsiri hivi kwa bahati mbaya? Kwa mashine?"

"Mashine isingeruka *ikke*," Christiane alisema. "Na isingeongeza sentensi."

Germaine alishukuru, akakata simu. "Mtu asiyejua lugha angeharibu kila mahali," alisema polepole. "Huyu ameweka tarehe sawa, majina sawa, namba ya kesi sawa. Ameharibu mahali pamoja tu, palepale panapouma. Anakijua Kinorwe. Mama Plamedie, hapa Lubumbashi ni nani aliyeishi kule?"

Annie aliteremsha mikono. "Adalbert. Yaya, kaka mukubwa ya Paulin. Alikaa kwetu miaka mitatu, akafukuzwa kwa kukosa makaratasi. Kwao ni Mitwaba, lakini sasa eko na bureau, ofisi, hapa mu muji. Anatengenezea bantu ma documents." Akatazama mhuri kama anauona mara ya kwanza. "Njo yee."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika arobaini. Kelele zikasikika uani. Guelor aliingia akimshika mkono mzee mmoja mwembamba aliyevaa singleti.

"Chef, huyu alikuwa juu ya ukuta wa jirani. Anapiga picha nyumba na telefone. Toka tumefika."

"Ni Papa Kapya," Annie alisema. "Anaikala ng'ambo."

Germaine alimwambia mzee akae, akaichukua simu yake na kuifungua. Picha zilikuwa nyingi: geti, ukuta, gari jeupe mara tatu, wanaume wawili wenye tai.

"Unawafanyia kazi?"

"Hapana, Mama! Nabapiga foto juu naogopa. Ile gari imeanza kupita toka mardi, toka Jumanne. Siku tano. Inasimama, haizimi moteur. Nikasema, siku kitu kikifika, batatuuliza majirani." Alipangusa paji la uso. "Hata leo, nilifikiri munafika juu ya mutoto."

Germaine aliinua macho kutoka kwenye simu. "Mtoto gani?"

"Mutoto wa hapa. Asubui, saa kumi na mbili, nilimuona na nkambo yake, Mama Ngosa. Nikasema, banaenda misa ya kwanza. Lakini nkambo alirudi yee peke."

Annie alikuwa wa kwanza kusimama. Walisikia mlango wa chumba cha nyuma ukigonga ukuta, kisha sauti ya Annie ambayo Guelor, aliyekuwa amefanya kazi migodini na kuona watu wakitolewa chini ya udongo, alisema baadaye hakutaka kuisikia tena.

Germaine alienda kupiga magoti mbele ya kochi. Hakupandisha sauti.

"Mama Ngosa. Umempa nani?"

Mama alitazama rozari yake. "Adalbert alinifata jana ku soko. Akasema hukumu ni ya kuua. Akasema Norwe ni bantu ba sheria, habana huruma, na habarudi mikono mitupu. Ni Annie ao ni mutoto. Akasema mutoto ataenda kwa baba yake, hatateseka, atasoma. Lakini Annie..." Akaifunga rozari kiganjani. "Nilimupa na passeport. Nilimupa Annie dawa ya kulala, akalala, nikamupeleka mutoto."

"Mama!" Annie alikuwa mlangoni. "Mutoto wangu!"

"Weye pia uko mutoto wangu," Mama Ngosa alisema. "Mungu anisamee. Nilichagua wangu."

Germaine alikuwa tayari amesimama, simu sikioni, akipiga ofisi ya uhamiaji ya uwanja wa ndege. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Ikakatika. Guelor alikuwa na namba ya gari kutoka kwenye picha za Papa Kapya na alishaanza kuisoma kwenye redio. Ndege pekee ya nje siku hiyo ilikuwa ya saa saba mchana.

Njia ya kwenda uwanja wa ndege wa Luano ilijaa malori ya shaba, moja nyuma ya jingine, na vumbi lilifanya taa za breki zionekane kama makaa. Annie alikaa nyuma, karatasi ya Norwe kifuani. Hakulia. Kila lori lililowazuia alilihesabu kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kwamba akinyamaza gari litasimama. Alipofika kumi na tisa, mtu wa uhamiaji akapokea simu.

"Tuko na mutu moya na mutoto," alisema. "Beko na karatasi ya mahakama. Kila kitu iko en ordre."

"Usiwapitishe," Germaine alisema. "Usiwaguse, usiwaambie kitu. Wakae tu."

Waliwakuta kwenye chumba kidogo nyuma ya dawati la pasipoti. Adalbert alikuwa mwanaume mrefu aliyevaa suti ya kijivu. Alisimama kwa adabu walipoingia. Plamedie alikaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la baridi lililofungwa mpaka kidevuni katika joto lile.

"Plame!" Annie alipiga magoti mbele yake. "Plame, ni miye. Mama amefika."

Mtoto alitazama sakafu.

"Plame?"

"Simuyue," mtoto alisema.

Afisa wa uhamiaji alinyoosha mkono kati yao. "Mama, tafadhali. Urudi nyuma kidogo."

"Mutoto wangu! Plame, niangalie!"

"Simuyue huyu mama. Papa mukubwa, twende." Sauti ilikuwa nyembamba na iliyonyooka, kama ya mtu anayesoma maandishi.

Adalbert alifungua mikono. "Munasikia benyewe. Huyu mwanamuke ni mugonjwa wa kichwa. Karatasi iko pale, mhuri iko pale. *Exécution* imeamriwa."

"Imekataliwa," Germaine alisema. Aliweka karatasi ya Kinorwe mbele ya afisa na kuweka kidole chini ya neno dogo. "Hii ni hapana. Kwenye Kifaransa chake ameitoa. Mkalimani wa Norwe aliyeisoma anasubiri simu yako, uliza mwenyewe. Na mhuri huu ni wa bureau yake."

Afisa alimtazama Adalbert. Adalbert alitazama mlango. Guelor alikuwa amesimama hapo.

"Bila hii kaneno kadogo, mungeniacha," Adalbert alisema, bila adabu sasa. "Baba ana haki ya kuona damu yake. Hakimu wa kule anayua nini? Paulin analia kila siku."

"Paulin anajua ulivyofanya?"

Simu ya Adalbert iliita ndani ya koti, Guelor akaitoa kwa ajili ya ushahidi. Jina lilikuwa la Paulin. Pingu zilifungwa, na Adalbert akatolewa nje.

Bado afisa hakuridhika, na Germaine hakumlaumu. "Karatasi nimeelewa," afisa alisema. "Lakini siwezi kumutoa mutoto kwa muntu mwenye anasema hamuyue. Aseme yee mwenyewe."

Germaine alivuta kiti cha pili na kukaa mbali kidogo na Plamedie, ubavu kwa ubavu, ili mtoto asilazimike kumtazama.

"Naitwa Germaine. Ni polisi. Nauliza kitu moja tu. Papa mukubwa alikuambia nini kuhusu mama?"

Mtoto aliingiza kidevu ndani ya koti.

"Alikuambia usiseme ni mama yako?"

Mtoto alitikisa kichwa kidogo sana, kukubali. Kisha akanong'ona: "Alisema kuko neno. Kama nasema ni mama, bale bantu basikia, bamufanyie lile neno. *Exécution.* Balisema itafanywa mbele yangu."

Annie alijiziba mdomo.

"Lile neno nalijua," Germaine alisema. "Papa mukubwa alikudanganya. Maana yake ni kumaliza kazi ambayo hakimu amesema ifanywe. Hakuna kuua ndani yake. Na kwenu hakimu alisema isifanywe. Alisema ubaki na mama."

"Hata nikisema?"

"Hata ukisema."

"Hata nikisema kwa nguvu?"

"Huyu papa wa uhamiaji anataka usikike. Ndiyo. Kwa nguvu."

Nje tangazo la ndege lilisomwa kwa Kifaransa, likaisha. Mtoto akashuka kwenye kiti, akasimama katikati ya chumba, mikono yote miwili ikiwa ngumi.

"Njo mama yangu," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye dawati. "Annie. Njo mama yangu."

Kisha alifumba macho, akaziba masikio kwa viganja, akangoja lile neno lifanywe.

Hakuna aliyemgusa. Annie alielewa, akabaki palepale alipokuwa, wima, mikono chini, bila kusogea hata hatua moja. Ilipita muda. Mtoto akafumbua jicho moja, polepole, na mama yake alikuwa bado amesimama.